Mipira Iliyofika Nyuma ya Kilio

Mipira ya trakta ilifika Kalemie wakati mume wangu alikuwa ameshazikwa. Watu wa matanga walikuwa wamerudisha viti vya kukodi na turubai la parokia. Nilikuwa nimekaa jikoni nachambua maharagwe ambayo hakuna mtu aliyeniomba niyapike, simu yake ikalia. Nilikuwa bado naiweka kwenye umeme kila mara umeme uliporudi, bila kujiuliza kwa nini.

"Papa," mwanamume mmoja akasema, "mipira yako imefika huku bandarini. Kuja kuikamata."

"Papa haiko," nikasema.

"Atarudia saa ngapi?"

Niliangalia maharagwe. Nikamwambia tu, "Nitakuja miye. Miye njo bibi yake."

Nilivaa kitenge cha msiba kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu, nikaenda bandarini. Mipira miwili mikubwa ya nyuma ilikuwa imeegemezwa ukuta wa ghala, myeusi kabisa, meno yake bado yana zile nywele ndogo za mpira mpya. Ilinifika kifuani. Yule mtu wa simu aliona kitenge changu akasema pole, kisha akaniuliza kama nina mtu wa kubeba. Nikatafuta wenye pusipusi. Njia yote kutoka bandarini mpaka kwetu nilitembea nyuma ya ule mkokoteni, na watu walionisalimia niliwaitikia vizuri. Nilikuwa nashangaa jinsi nilivyowaitikia vizuri.

Mume wangu alikuwa fundi wa reli. Alifanya kazi katika atelye, karakana ya gari la moshi, tangu ujana wake mpaka siku treni zilipokuwa zikipita kwa nadra kiasi kwamba watoto walikuwa wanakimbia kuziangalia. Hakuwa msemaji. Akiwa na furaha alikuwa anapiga mluzi, akiwa na huzuni alikuwa anatengeneza kitu. Katika nyumba yetu hakuna kiti kilichowahi kulegea miguu.

Trakta aliipata kwa wenye shamba la zamani la pamba, njia ya kwenda Niemba. Ilikuwa imesimama katika majani miaka mingi kuliko umri wa mtoto wetu wa mwisho, ndege wamejenga ndani ya kiti. Rangi yake ya mwanzo hakuna aliyeikumbuka. Aliivuta mpaka kwenye shamba letu, karibu na mto Lukuga, akaipandisha juu ya vyuma vya reli vya zamani ili isizame katika udongo, akaanza. Kila alipopata nafasi alikuwa kule. Mimi ni mshonaji wa nguo, nilikuwa na kazi yangu. Nilikuwa nikimwona anarudi na grisi mpaka kwenye masikio na sikuuliza mengi.

Siku moja motori iliwaka. Alikuja kuniita, akanipeleka shambani kwa pikipiki, akaniketisha juu ya kigogo, akaiwasha tena mbele yangu. Magurudumu ya mbele yalikuwa tayari na mipira, alikuwa ameipata kwenye kamioneti, gari dogo la mizigo, iliyokufa. Ya nyuma yalikuwa vyuma vitupu, kwa kuwa mipira ya zamani ilikuwa imepasuka kwa jua, na watu wakaikatakata kutengenezea viatu. Kwa hiyo trakta ilinguruma, na yale magurudumu mawili ya chuma yakazunguka hewani juu ya vyuma vya reli, haraka, na haikwenda popote. Alicheka mpaka akashika tumbo. "Imebaki kuivalisha viatu tu," alisema.

Alianguka mbele ya duka la chumvi, asubuhi, amesimama anangojea zamu yake. Daktari alisema ni presha. Alikufa kabla sijafika hospitali.

Baada ya hapo nilifanya kila jambo lililotakiwa. Nilichagua sanda. Nilijibu waliouliza alikuwa na umri gani. Wanawake wa kanisa walikuwa wananiangalia wakingoja nilie, na wengine walilia kwa nguvu karibu na sikio langu, kama mtu anayemwamsha mwenzake. Nilikuwa nawasikia. Ilikuwa kama kusikia redio ya jirani. Niliona kwamba ukuta wa sebule unahitaji chokaa, nikafikiria chokaa.

Mipira ile niliiweka sebuleni, mahali jeneza lilipokuwa, kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine. Nyumba ikanuka mpira mpya. Mara moja moja nilikuwa nakaa juu yake nikikunja nguo za wateja.

Dada yake ndiye aliyekuja kuivunja ile hali. Huyu wifi yangu ni mkubwa kwa mume wangu, mkulima wa Niemba, mjane wa zamani, mwanamke mwenye mabega mapana na sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alikuja kwa pikipiki na kuku wawili, akaingia, akaona mipira, akasimama.

"Njo hii?" akauliza.

"Njo hii."

Akaipiga kofi kama mtu anayempiga ng'ombe mgongoni. "Basi tutaivalisha."

"Ya nini, wifi? Nani ataiendesha?"

"Miye."

Nilidhani ni maneno ya msiba. Lakini akaketi, akanieleza. Ndugu yake alikuwa amemfundisha. Alikuwa akimpandisha juu ya kile kiti, trakta ikiwa juu ya vyuma vya reli, anamwambia kanyaga hapa, vuta hapa, achia polepole. Alikuwa anajua gia zote. Alikuwa anajua kuendesha trakta, ila hajawahi kuiendesha mahali popote.

Kesho yake tukamchukua kwado, fundi wa kuziba mipira anayefanyia kazi penye njia panda, tukapakia mipira na pampu yake kwenye kamioneti ya jirani, tukaenda shambani. Majani yalikuwa yameanza kupanda kwenye magurudumu. Wifi aliyafyeka, kwado akafungua magurudumu ya nyuma na kuyalaza chini. Tukakaa kusugua kutu ya janti, lile duara la chuma ambalo mpira hukaa juu yake. Kwado alikuwa na brashi ya waya, sisi tulikuwa na mchanga na matambara. Kazi ile ilinifaa. Mkono unakwenda na kurudi, kutu inatoka nyekundu, hakuna mtu anayekuangalia usoni.

Tulipopaka maji ya sabuni na kuusukuma mpira wa kwanza juu ya janti, uliingia. Uliingia bila kutumia hata chuma cha kubanulia. Kwado akasimama, akajifuta mikono.

"Mupira wa trakta hauingiaka hivi," akasema.

Tuliunyanyua wima ili tuone. Upande wa chini ulikaa kwenye chuma, na upande wa juu ukabaki mwanya ambao vidole vyangu vilipita. Ulikuwa unaning'inia kama pete ya mtu aliyekonda.

"Tuujaze upepo," kwado akasema baada ya kufikiri. "Utajipanga peke yake."

Wifi alisema hautajipanga. Kwado alisema yeye ndiye kwado. Akaanza kupampu. Mpira wa ndani ukavimba, ukatafuta njia, ukatokeza kwenye ule mwanya kama ulimi, unazidi kukua, unang'aa. Wifi akarudi nyuma, mimi sikurudi. Nilikuwa nimesimama karibu kabisa nauangalia unavyokua, na nilijua kwamba ukipasuka utanipiga usoni, na kujua kule hakukunisogeza. Kwado alinivuta mkono.

"Mama, toka hapo." Kisha akafungua upepo, na tukasikia ukitoka, muda mrefu.

Wifi aliniangalia kwa namna ambayo hakuwa ameniangalia tangu mazishi. Alinishika bega, akaniketisha kivulini mwa trakta, akaniletea maji.

Nikiwa pale nilikumbuka kwamba nina utepe wangu wa kupimia nguo mfukoni; huwa natembea nao kila mahali. Nikautoa ili tupime. Nilipoukunjua, upande wa inchi ambao siutumii, niliona alama ya kutu. Mstari mwembamba wa rangi ya udongo, penye thelathini, na kidole kimoja kimejichora pembeni yake. Sikuwa mimi. Mimi nashona vitambaa vya watu, utepe wangu nauosha.

Alikuwa ameuazima bila kuniambia. Alikuja nao hapa, akauweka kwenye ukingo wa janti, akauvuta mpaka kwenye ukingo wa ng'ambo, akasoma thelathini, akaagiza mipira ya thelathini. Mtu aliyepima vyuma vya treni maisha yake yote. Lakini mpira haukai juu ya ukingo. Unakaa ndani ya ukingo, chini kidogo, pale chuma kinaponyooka. Ukimpima mtu kiuno juu ya koti, suruali itamwanguka.

Nilimwonyesha wifi ile alama. Aliiangalia, akaweka kidole chake juu yake, akalia. Nilimshika mgongo. Kwangu mimi hapakuja kitu. Nilijisemea kwamba hiki ndicho kitu ambacho kingenifanya nilie, na kama hiki hakikuweza, labda hakipo kitakachoweza. Nikawaambia tupime upya.

Tulisimamisha vijiti viwili, kimoja huku na kimoja kule, pale mpira unapokaa kweli, tukapima katikati yake. Ishirini na nane. Kwado aliendelea kusugua upande wa ndani, namba ileile ikatokea imepigwa ndani ya chuma, chini ya kutu na rangi tatu za zamani. Upana wa janti, ndani kwa ndani, ulikuwa kumi.

"Sasa tunajua urefu," kwado akasema. "Unene wa mupira wenyewe ulikuwa ngapi? Ile ya zamani ilienda wapi?"

"Kwenye miguu ya watu," nikasema.

Wifi alikuwa anajipangusa uso na khanga. Akaacha kujipangusa. "Kipande kiko kwangu," akasema. "Nguruwe wanakulia ndani."

Alimpigia simu binti yake kule Niemba, akamwambia aende kwenye zizi, aoshe kile kihori, asome maandishi. Tukangoja. Tulisikia nguruwe kwenye simu, na yule binti akiwagombeza. Halafu akasoma: kumi na moja, mstari, ishirini na nane.

Mwenye kuuza mipira alikuwa Kigoma. Mume wangu alikuwa anaongea naye kwa simu, na namba yake ilikuwa kwenye simu ile. Nilipompigia alinisikiliza, akanipa pole, akasema mipira atanibadilishia ikiwa haijatumika, lakini niilete, na itakuwa vizuri nije na vipimo mwenyewe ili tusikosee tena. Wifi alisema atakwenda yeye. Nikasema hapana. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka mahali ambapo hakuna anayejua kwamba natakiwa kulia.

Nilivuka ziwa na meli ya mizigo, mipira yangu imefungwa kamba pamoja na magunia ya dagaa. Abiria walikuwa wanaongea habari za maji ya ziwa yalivyopanda mwaka huu, nyumba za nani zimeingiliwa. Yetu ilikuwa bado, lakini maji yalikuwa yameshafika kwenye uzio wa jirani. Niliwasikiliza kama watu wanaozungumzia mji nisioujua.

Yule mfanyabiashara alikuwa mtu wa makamo, mnyenyekevu, ana duka la vipuri lenye giza na baridi nzuri. Huko wao husema tairi na rimu, sisi twasema mupira na janti, lakini tulielewana.

"Kumi na moja kwa ishirini na nane," alisema, "hiyo ni namba ya zamani, mama. Siku hizi viwanda vimebadilisha hesabu. Tairi lile lile sasa linaandikwa kumi na mbili nukta nne kwa ishirini na nane. Watu wengi wanachukua kumi na moja nukta mbili, wanaona inafanana. Siyo. Hilo ni jembamba."

Akanitolea mawili. Nilisoma ubavuni, nikasoma tena. Nikapima upana na utepe. Nikauliza mipira ya ndani ni ya kipimo hichohicho, akaniletea, nikaangalia na kibomba cha kupitishia upepo kama kitaingia kwenye tundu la janti yetu. Alinivumilia.

"Mzee alikuwa anauliza na kiti," akasema ghafla, huku akifunga kamba.

"Kiti gani?"

"Kiti cha pili. Cha kufunga juu ya madigadi ya tairi la nyuma. Alisema mkewe magoti yanamuuma, hawezi kutembea kutoka barabarani hadi shambani. Alisema mnahamia huko, maji yakifika nyumbani."

Hakuwa ameniambia tunahamia. Hakuwa ameniambia chochote kuhusu magoti yangu, alikuwa ananisugua mafuta tu usiku na kuongea mambo ya treni. Yule mfanyabiashara aliniangalia, akaona labda amekosea kusema. Mimi nilimshukuru. Nikamwuliza kama sabuni ya kawaida inafaa kupaka kwenye ukingo wa tairi au kuna mafuta maalumu. Akasema sabuni inafaa.

Nikavuka kurudi. Nilikaa juu ya mipira mipya nikatazama maji njia yote, na maneno yake yalikuwa ndani yangu mahali fulani, kama jiwe lililoanguka kisimani na hujasikia bado limefika.

Safari hii mpira ulikataa kuingia, na kwado akafurahi. Alipaka sabuni, akapiga magoti juu yake, akabanua kwa vyuma viwili, wifi akakaa upande wa pili na uzito wake wote. Mimi nilikuwa namwaga maji ya sabuni. Ukaingia kidogo kidogo, ukilalamika. Alipojaza upepo, ukingo ulipanda mahali pake kwa mlio mmoja mkavu, kisha mwingine. Sote watatu tukapumua. Tulipomaliza wa pili na kuyasimamisha magurudumu, wifi akasema meno ya mmoja yanatazama mbele na ya mwingine nyuma. Kulikuwa na mshale ubavuni mwa mpira na hatukuutazama: ule mmoja tuliuvalisha kinyume, trakta ingekwenda mbele na mpira ungevuta udongo kama unarudi nyuma. Kwado akatukana taratibu kwa Kiholoholo. Tukautoa, tukarudia yote.

Halafu tukayafunga magurudumu kwenye trakta, tukaviondoa vile vyuma vya reli. Trakta ikakaa chini, mara ya kwanza tangu nimeifahamu. Ilionekana fupi kuliko nilivyozoea, na imara.

Wifi alifunga kitenge chake vizuri, akapanda. Kwado alimwuliza kama ana uhakika. Wifi akaiwasha. Motori ikawaka kwa moshi mweusi, akakanyaga, akavuta, akaachia polepole kama alivyofundishwa, na trakta ikasogea. Naye akapiga kelele, siyo ya furaha, ya mshangao, kwa kuwa katika mafunzo yake yote kitu kile hakikuwahi kuondoka. Alikwenda moja kwa moja. Alipofika mwisho wa shamba letu aligundua kwamba usukani hajawahi kuuhitaji. Akaingia katika mihogo ya jirani, akalaza mistari kadhaa, ndipo motori ikazimika.

Jirani alikuja, mzee mmoja mfupi mwenye panga mkononi. Alizunguka trakta, akaangalia mihogo yake, akaangalia mipira, akapitisha mkono juu ya meno yake.

"Inaweza kulima?" akauliza.

"Inaweza," wifi akasema kutoka juu.

"Basi malizeni na upande ule," akasema. "Mihogo hii niling'oa mizuri tayari."

Wifi alijifunza kugeuza. Msimu ule alilima shamba letu, la jirani, na baadaye aliipeleka Niemba mwenyewe, polepole, akalima kwake na kwa watu wa kanisa lake. Maji yaliingia kwetu mvua zilipofika, mpaka chini ya dirisha. Nilihamisha cherehani, vitanda na masufuria, nikajenga chumba cha matofali pale shambani. Naishi humo sasa. Kutoka barabarani natembea kwa miguu na kupumzika njiani, kwa sababu kile kiti hatujapata fundi wa kukitengeneza, na sijalisukuma sana jambo hilo.

Watu huniuliza kama nimezoea. Nasema ndiyo. Sijui kama ni kweli, lakini mwezi wa mwisho wa mvua, wifi alinikuta nimekaa mlangoni nashona shati, akanipa kiazi kitamu cha kuchoma, cha shamba lile, na nilipokiuma kilinichoma ulimi. Nilikitema mkononi. Nikamwambia, "Ni cha moto." Akasema, "Ndiyo, ni cha moto," akaketi kando yangu, tukapuliza kila mmoja cha kwake.